Mwalimu wa Ufundi na Kichuma cha Nyaya Nne

Mwalimu wa ufundi hakumwazima mtu redio yake, na wala hakukuwa na haja, kwa sababu ilipofunguliwa saa ya taarifa ya habari, soko zima la Nyakoe lilipata habari. Wanawake waliokuwa wakipanga ndizi chini walijua nani ameapishwa na nani ameachishwa kazi kabla ya mkuu wa chuo kujua. Watu walimsifu: yule ni mtu mwenye moyo, anatugawia habari bila kuombwa. Mimi nilikuwa sekretari wa chuo, na kati ya meza yangu na karakana yake palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo sikumsifu. Nilikuwa napiga chapa orodha ya misumari na bawaba, nikiinua macho naona nimemwandika waziri mzima katikati ya bawaba.

Nilimgongea ukuta. Hakujibu. Nikadhani ni jeuri.

Chuo chetu kilijengwa kwa harambee, mabati juu, udongo chini, na walimu sita. Watano waliitwa kwa majina yao. Yeye peke yake aliitwa Mwalimu, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Alifundisha useremala, uashi na kazi ya chuma, na kila siku alionekana na penseli ya seremala nyuma ya sikio la kulia. Penseli hiyo ilikuwa fupi kama kidole gumba tangu nilipomfahamu hadi tulipoachana. Sijawahi kumwona na ndefu. Nadhani alizinunua zikiwa tayari zimezeeka.

Alipima kila kitu. Ukimsalimia akiwa na futi mkononi, alikupima bega kabla ya kuitikia. Alipopita kwenye kituo cha kununulia majani chai alisimama kuitazama mizani mpaka karani wa kituo anatoka jasho, na akina mama wenye vikapu wakafurahi, wakawa wanamwita makusudi: "Tata, kuja uangalie hii mizani, leo imeamka vibaya." Tata ni baba kwa Ekegusii, na kila mwanamume wa umri wake aliitwa hivyo kwa heshima. Naye alikwenda. Alitazama tu sindano, na majani yakapimwa vizuri siku hiyo.

Lakini mtu huyo huyo alitia chumvi kwenye chakula chake kwa kiganja, bila kuonja, mpaka mpishi akakasirika. Alikuwa Msabato asiyegusa nyundo Jumamosi hata nyumba ikiungua, ila siku ya Jumapili, sisi Wakatoliki tukitoka misa, tulimkuta anapiga chuma kwa nguvu kama anatulipizia kisasi. Wanafunzi aliwavumilia kama mama. Mimi hakunivumilia hata koma moja. Alisimama nyuma yangu nikipiga chapa barua zake na kusema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, "Sekretari! Hapo umeweka alama ya nini?"

"Usinipigie kelele, Mwalimu. Niko hapa hapa."

"Nani anapiga kelele?"

Alishangaa kwa dhati. Nilipaswa kuelewa siku ile, lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira huwa hasikii vizuri yeye mwenyewe.

Kanisani kwao niliingia mara moja tu, kwenye harusi. Alikaa kiti cha mbele kabisa, macho yamekazwa kwenye midomo ya mchungaji, hapepesi. Nikamwambia rafiki yangu, tazama mtu anavyompenda Mungu.

*

Ili mjue mambo ya kichuma, lazima niwaeleze kwanza juu ya ukuta.

Mwalimu alikuwa na mashine ya matofali ya udongo: sanduku la chuma, kifuniko, na mpini mrefu kama mtu na nusu. Unajaza udongo mwekundu uliochanganywa na saruji kidogo, unafunga, watu wawili wanauvuta mpini chini, udongo unakandamizwa, na tofali linatoka bila kuchomwa moto. Ni jambo zuri kwenye nchi yetu ya mvua ambako kuni hazikauki. Kwa matofali hayo wanafunzi walijenga darasa la tano la chuo.

Ukuta wake mmoja ulianguka. Ulianguka Jumamosi, siku ambayo hata ukuta ulitakiwa kupumzika, na ndiyo sababu hapakuwa na mtu ndani. Aliyekufa ni kuku wa mpishi. Mwalimu alimletea mpishi majogoo wawili Jumatatu asubuhi, akaomba radhi akiwa amevua kofia, kisha akakaa kwenye kifusi akiokota tofali moja moja na kulivunja kwa mikono. Mengine yalikataa kuvunjika. Mengine yalimeguka kama ugali wa jana.

"Udongo ni ule ule," aliniambia. "Saruji ni ile ile. Mkono ndio umedanganya."

Alikuwa na maana kwamba Makori, mwanafunzi wetu mwenye mabega kama mlango, alivuta mpini kwa nguvu asubuhi, na mchana akavuta kivivu, na baada ya kula hakuvuta kabisa, aliuegemea tu. Kila tofali lilikandamizwa kwa nguvu yake. Kwa macho yalifanana yote.

Afisa wa ujenzi akaja kutoka Kisii mjini, akautazama ukuta, akamtazama Mwalimu, akasema maneno machache. Chuo kisitoe tena tofali hata moja kwa ajili ya jengo la watu mpaka Mwalimu aweze kumwonyesha kwamba kila tofali limekandamizwa kwa nguvu ile ile.

Sasa, jengo lililokuwa likingoja matofali hayo lilikuwa wodi ya uzazi ya Nyacheki. Wakulima wa chai wa huko walikuwa wameshatoa kiwanja, mbao na mabati. Kilichobaki ni kuta. Hapo mimi sikuwa sekretari tu. Dada yangu ameolewa Nyacheki. Mimba yake ya kwanza, uchungu ulipomshika, walimbeba kwenye machela ya miti kuelekea Kisii kwenye utelezi, na akajifungulia njiani, chini ya mwavuli mmoja. Mtoto hakulia. Nilimtaka Mwalimu apate kifaa cha kupimia nguvu hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na pia nilitaka redio yake ifungwe. Sikujua kwamba nitapata vyote viwili kwa mpigo.

*

Kichuma chenyewe alikuwa nacho. Alipewa na mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa akifunga virago pale Masimba baada ya uhuru, na alikiweka kabatini kwenye kisanduku chenye pamba kana kwamba ni yai. Kilikuwa kipande cha chuma kinene, kikubwa kiasi cha kopo la kakao, na ubavuni kilitoa nyaya nne.

Alinieleza nami nitawaeleza hivyo hivyo. Ukikikandamiza, kinabonyea kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, na kule kubonyea kunabadilisha umeme unaopita ndani yake. Nyaya mbili ni za kukilisha umeme, nyaya mbili za kusikia kinasema nini. Ukikiweka chini ya mashine ya matofali, kitakuambia hasa tofali limebanwa kiasi gani.

"Basi shida iko wapi?" nikauliza.

"Kinanong'ona, Sekretari. Kinanong'ona sana. Tunatafuta wa kukisikia."

Hapo ndipo zilipoanza barua. Nilipiga barua kwa makampuni ya Nairobi na ng'ambo nikiuliza vifaa vya kusomea kichuma, na kila barua ilikuwa na maswali yake matatu, ambayo hakukubali niyapambe. Kifaa chenu kinaona udogo gani? Kinakimbia kiasi gani? Kinakula nini? Nilijaribu kuyaweka katika Kiingereza cha ofisi akanirudisha: "Maswali ni matatu. Andika matatu." Kampuni moja ikatuletea kitabu kizuri cha picha za rangi cha mashine za kusaga mahindi. Alikisoma chote. Alisema ile ya ukurasa wa nane ingefaa, kama tungekuwa na mahindi.

Lakini maswali yalikuwa ya maana, na tuliyalipia moja moja.

Cha kwanza kilikuwa mita ya sindano, tuliyoiazima kwenye maabara ya shule ya sekondari. Makori na mwenzake wakavuta mpini mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Sindano haikutikisika.

"Haioni udogo," Mwalimu akasema, akaandika.

Mwalimu akaitengenezea kikuza sauti cha kuupanua ule mnong'ono, na safari hii sindano ikaenda. Tatizo, ilikwenda polepole. Makori alivuta, akaachia, akafuta jasho, tofali likatoka, ndipo sindano ikafika ikiwa imechoka.

"Hii sindano iko na usingizi," Makori alisema.

"Haikimbii," Mwalimu akasema, akaandika. Kisha akafikiri. "Basi tutaingojea. Makori, vuta polepole. Vuta ukiimba. Ubeti mmoja, tofali moja."

Makori alikuwa Msabato akachagua wimbo wa kwao. Mwenzake alikuwa Mkatoliki, akasema yeye hawezi kuvutia tofali wimbo wa watu wengine. Ikabidi tofali la kwanza liwe la Wasabato na la pili letu, na watu wa sokoni wakaja kusimama kwenye ua kwa sababu hawajawahi kuona mkutano wa injili wa namna hiyo. Ilipofika saa sita tulikuwa na matofali kumi na nne, udongo uliobaki umekauka kwenye toroli, na Makori anauliza kwa sauti iliyokwisha, "Mwalimu, kwani tunaomba ama tunatengeneza matofali?"

Cha tatu kilikuja na wakala wa Nairobi aliyevaa tai. Kilikuwa mashine ya kuchora: kalamu inatembea kwenye karatasi na kuonyesha nguvu ilivyopanda na kushuka. Kiliona udogo na kilikimbia. Mwalimu akakizunguka mara mbili, amefurahi waziwazi. Akauliza swali la tatu. Wakala akajibu kwamba kinatumia umeme wa kawaida tu. Umeme wa kawaida! Nyakoe wakati ule! Tukaazima jenereta ya sinema ya injili, tukaiwasha, ikanguruma mpaka vikombe vya ofisi vikacheza mezani, na kalamu ikaanza kuchora kwa bidii kabla Makori hajagusa mpini. Ikachora mita nzima ya milima midogo midogo.

"Inachora nini?" nikauliza.

"Jenereta," Mwalimu akajibu.

Wakala akafungasha vitu vyake. Mwalimu alimpa ndizi za safari.

*

Mwaka ukapita hivyo. Afisa akatuma ujumbe kwamba mvua kubwa zikianza bila jibu, watu wa Nyacheki watafute njia nyingine, na sote tulijua kwamba njia nyingine haipo. Mimi nikaanza kupekua madaftari ya Mwalimu nikitafuta anwani ambayo hatujaiandikia. Katika daftari moja la zamani, la siku alizofanya kazi kwenye karakana ya reli, nikakuta mchoro. Kichuma cha nyaya nne, betri, kidude cha kuzungusha, na mwishoni, visikizio vya masikioni. Chini yake ameandika kwa mwandiko wake mzuri: sauti ikifa, ndipo uzito umetimia.

Nikamfikishia mbio. "Mwalimu, hii je? Hii haihitaji sindano wala jenereta. Unasikiliza tu!"

Hakutazama hata mchoro. Alichukua daftari mkononi mwangu, akalifunga.

"Sikio si kifaa," akasema. Safari hii hakupiga kelele. Nilimjua miaka na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona amekasirika, na nilirudi mezani kwangu bila kujua nimemkosea nini.

Siku tatu alijifungia karakana. Siku ya nne redio haikulia saa ya habari. Watu wa sokoni wakaja kuuliza kama amekufa. Nikachungulia karakana nikamkuta ameketi, redio yake imefunguliwa mgongo juu ya meza, matumbo yote nje, na yeye anachomelea waya wa kichuma ndani yake.

Alitengeneza hivi. Betri ya gari ilitoa mlio mwembamba ambao ulipita kwenye kichuma na kutokea kwenye redio, na kutoka redioni hadi kwenye visikizio vya simu mbovu ya posta. Mashine ikiwa tupu, mlio unasikika. Ukikandamiza, mlio unafifia. Nguvu ikifika pale ulipopanga kwa kile kidude cha kuzungusha, mlio unakufa kabisa. Ukizidisha, unarudi. Kazi yako ni kungoja kimya na kuinua mkono. Hakuna sindano ya kuchelewa, hakuna kalamu ya kuchora jenereta.

Ili kujua kimya kiwekwe wapi, tulining'iniza pipa kwenye mpini na kulijaza madebe manane ya maji, maana uzito wa debe la maji unajulikana, na manane ndiyo nguvu aliyoitaka. Akazungusha kidude mpaka akasema kimya. Tukamwaga maji, tukaanza kumimina upya ili tuone kama atainua mkono penye debe la nane.

Akainua penye la sita.

Mara ya pili, la tano. Mara ya tatu, la sita na nusu. Akabadilisha waya. Akabadilisha betri. Akasema debe la Makori linavuja, na Makori akalishika juu kwenye jua kuonyesha kwamba halina hata tundu. Mwalimu akavua visikizio akaenda nje kuosha uso.

Mimi nikavivaa, kwa udadisi tu. Pipa lilikuwa bado na maji yale ya debe sita na nusu, ambayo alisema ni kimya.

Hapakuwa na kimya. Mlio ulikuwepo, mdogo lakini safi, kama mbu upande wa pili wa chandarua.

Nikasimama pale na visikizio kichwani, na yote yakanijia kwa pamoja: redio ya soko zima, kiti cha mbele kanisani, macho kwenye midomo ya mchungaji, ukuta niliougonga bila jibu. Miaka ishirini ya nyundo juu ya chuma. Mtu huyu aliujua mchoro ule tangu mwanzo. Alitutembeza kwenye sindano na kalamu na ndizi za wakala mwaka mzima kwa sababu kifaa pekee kilichojibu maswali yake yote matatu kilimtaka kitu kimoja ambacho hakuwa nacho. Nililia kidogo. Makori akaniuliza kama mashine imenipiga umeme, nikasema ndiyo.

*

Afisa alikuja Jumatano. Asubuhi mapema mimi na Makori tulikuwa tumeshapanga kidude upya kwa madebe manane, kwa masikio yangu, na Makori ameapa kwa Biblia ya Kisabato na kwa rozari yangu, kwa usalama, kwamba hatasema.

Afisa alileta turubai. Akalizungushia pipa ili Mwalimu asione maji, akasema atamimina mwenyewe, na ndani tayari kuna kiasi ambacho hatatuambia. Chombo kikisema ukweli, mkono uinuke penye nane. Vinginevyo yeye anarudi Kisii na katazo linabaki. Watu walikuwa wamejaa uani. Wazee wawili walikuwa wametoka Nyacheki kwa miguu tangu alfajiri.

Mwalimu alipofika kwenye meza alinikuta nimeketi kwenye stuli yake na visikizio masikioni. Daftari langu nilikuwa nimeliweka kwenye kiti changu.

"Sekretari. Simama."

"Mkono unaniuma, Mwalimu. Leo siwezi kuandika," nikasema, nikimtazama usoni ili aone midomo yangu. "Wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri. Andika wewe. Mimi nitakaa hapa tu."

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimepiga chapa kurasa nne na yeye amezisahihisha. Akanitazama. Sijawahi kuogopa hivyo, hata mbele ya padri. Kama angesema simama mara ya pili ningesimama, na wodi ingekwisha pale, na sidhani kama angenisamehe, wala mimi kumsamehe.

"Unajua kusikiliza?" akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo sikujua anayo.

"Miaka yote hii naandika unayosema, Mwalimu. Ningeandikaje bila kusikiliza?"

Akatoa penseli nyuma ya sikio. Akaketi kwenye kiti changu, kiti cha sekretari, magoti yake yakigonga meza, akafungua daftari.

Afisa akamimina. Mlio ukafifia. Ukawa mbu, ukawa mbu wa mbali, halafu pakawa na kimya kikubwa, nikainua mkono. Afisa akainua turubai, akahesabu, akakuna kidevu. Akarudia na kiasi kingine. Nikainua mkono. Akarudia mara ya tatu, akijaribu kunichanganya kwa kumimina kidogo kidogo na kikombe. Nikainua mkono.

"Andika," afisa akamwambia Mwalimu.

"Nimeshaandika," Mwalimu akajibu.

Mzee mmoja wa Nyacheki, ambaye hakuelewa chochote kilichotokea isipokuwa mwisho wake, akapiga makofi na kusema, "Mbuya mono!" yaani vizuri sana, na Makori akamwinua juu mzima mzima.

*

Tulihamisha mashine kwa lori hadi Nyacheki na tukakaa huko miezi miwili na nusu. Tulikaa vile vile, mimi kwenye stuli, yeye kwenye kiti. Watu wawili walivuta. Mimi nilingoja.

"Kimya?" aliuliza, macho kwenye midomo yangu.

"Kimya."

"Achia!" Na alipolitoa tofali, aliandika namba yake ubavuni kwa ile penseli fupi. Moja. Mbili. Tatu. Mvua ilitukuta kwenye elfu mbili na hatukusimama. Tofali la mwisho lilikuwa la elfu tatu mia nne na kumi na mbili, na wodi ilipakwa chokaa namba zote zikiwa ndani.

Hakunishukuru. Sikutegemea. Lakini tangu siku ile hakunipigia tena kelele, na nilipogonga ukuta wa mbao alikuja mwenyewe kuuliza ninataka nini, kwa sababu alikuwa amepachika kipande cha bati upande wake kilichotikisika nikigonga. Redio hakuirudisha kama ilivyokuwa. Watu wa sokoni walimlalamikia, wakasema amekuwa mchoyo wa habari. Nilidhani anaiweka kwa ajili ya kazi. Baadaye niligundua kwamba hata angeirudisha isingemsaidia tena, na hilo liliniuma kwa muda mrefu.

Nilihamia ofisi ya Nyamira baada ya miaka michache, tukapotezana.

Mara ya mwisho nilimwona mwishoni mwa miaka ya sabini, saa nne za asubuhi, Nyacheki. Dada yangu alikuwa ameshika mimba tena, baada ya miaka mingi ya kuogopa, na nilikuwa nimemleta wodini. Nilimkuta Mwalimu amechutama nje chini ya dirisha, mvi kichwa kizima, anapapasa ukuta kwa kiganja. Nesi aliniambia anakuja kila mwezi kuukagua, hakuna aliyemtuma, na hakuna wa kumzuia. Alikuwa kiziwi kabisa. Penseli ilikuwa mahali pake, na sikio hilo lilikuwa limebaki na kazi hiyo tu.

Aliponiona hakuuliza habari zangu. Alinitazama uso, akatazama mlango wa wodi, akajua.

"Dada?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo. Nilikuwa nimemsimulia habari za ile barabara, mara moja tu, tukiwa tunangoja lori.

Akasogea, nikakaa karibu yake, mgongo ukutani. Tukangoja. Ndani nilisikia nesi akizungumza, kisha ndoo, kisha hatua za haraka, kisha sikusikia kitu.

"Kimya?" akauliza.

Neno lile nilikuwa nimemwambia mara elfu tatu na zaidi, nikiwa na furaha kila mara. Sasa halikutoka. Nilitikisa kichwa tu: ndiyo, kimya. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu kama ubao.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kwa pumzi yote, mpaka nesi akacheka ndani. Nikamgeukia Mwalimu ili aone midomo yangu vizuri, machozi yananiingia mdomoni.

"Hapana, Mwalimu. Si kimya. Anapiga kelele. Anapiga kelele sana!"

Alinitazama midomo mpaka nikarudia. Kisha akaachia mkono wangu, akatoa penseli nyuma ya sikio, akainama chini ya dirisha, na juu ya chokaa nyeupe, kwa ule mwandiko wake mzuri, akaandika: 3,413.